Picha za Kutazama Ukitoka Eda

Mangarivotra, Mahajanga
20 Mfungo Pili

Kwa mjukuu wangu Fatoumia,

Salamu kwako, kwa wakwe zako, na kwa kila aliye hai katika nyumba hiyo ya Andilana. Mwalimu Elamine ameshaandika mistari minne ya salamu za Kiarabu hapo juu. Hizo ni zake, zisome kwa heshima. Zangu ni hizi: umekula? Unalala? Mimi mzima, ila magoti yananilia kama bawaba zenye kutu.

Barua yako imefika. Nilimwambia Mwalimu aisome mara mbili, nikidhani ameruka ukurasa. "Allaoui amefariki Ijumaa alfajiri, homa, siku tatu. Nimeingia eda. Msiwe na wasiwasi." Mjukuu wangu, hata mtu anayeagiza mchele huandika zaidi ya hapo. Mtu wa melini aliyeileta ndiye aliyeniambia yaliyobaki. Anasema huli. Anasema umekaa umeelekea ukuta kama mtu aliyetumwa kutafuta ufa.

Sikuja kwenye msiba, nisamehe. Habari ilinifikia maiti imeshalala kaburini siku sita. Miaka ishirini na miwili iliyopita mama yako alinikabidhi wewe ukiwa mdogo kuliko kibuyu, nami nikakulea, nikakuoza kwa kijana mwema. Kumbe kijana mwema naye hufa. Sina la kusema juu ya hilo. Nimechoka hata kulifikiria.

Watu wamekuletea aya na hadithi, wamefanya vema. Mimi sikusoma, aya zangu ni zile za kusalia tu. Nitakupa nilichonacho, na nilichonacho ni sinema.

Mwalimu ameacha kuandika, ananitazama. Andika, Mwalimu! Mikate unayokula kila asubuhi ni yangu.

(Kiswahili hiki ni chake, cha barua. Mimi namwambia kwa maneno yetu ya uani, nusu Kikomoro nusu Kibuki cha Wamalagasi, yeye ananyoosha. Akinyoosha mno nampiga kiwiko.)

Sikiliza. Alhamisi watoto hawaendi shule, na nyumba ya sinema karibu na bandari hufunguliwa alasiri, mwanamke huingia bila kusemwa. Naenda na rafiki yangu Hadjira nikimaliza kuuza mikate ya mchele. Nimesimama motoni tangu alfajiri, miguu inataka kiti, na pale kuna kiti. Wenzangu wanakwenda kwa picha kubwa, ile ya watu kubusiana. Mimi naenda kwa picha fupi ya mwanzo, ya kweli, ambayo ndani yake hakuna anayejifanya. Wakianza kubusiana nalala.

Alhamisi iliyopita walionyesha watu wa nchi ya baridi wanavuna chumvi. Wanawake, Fatoumia, watu wazima kama mimi, wana reki ndefu za mti, wanavuta maji polepole, chumvi inajikusanya nyuma yao. Basi. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyekufa kwa mapenzi. Mfaransa asiyeonekana anasema tangu mwanzo hadi mwisho, sijui anasema nini, naangalia mikono. Mmoja wao alisimama, akajishika kiuno, akatazama shamba lote lililobaki. Nikamwambia Hadjira, "Yule namjua." Hadjira akasema, "Utamjuaje Mzungu?" Nikasema, "Namjua kiuno."

Hiyo ni ya kwanza. Ukitoka eda, ikifika huko, itazame. Nitakutafutia nyingine.

Kula.

Ni mimi, Koko wako


Andilana
6 Agosti 1954

Koko wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yamepoa. Sisi hapa hatujambo. Mama mkwe anakusalimu, baba mkwe Nourdine anakusalimu, shemeji Mchangama anakusalimu.

Nakula kidogo. Usisikilize maneno ya watu wa melini.

Siku zinakwenda. Baba mkwe ana kalenda aliyopewa kazini, ameitundika sebuleni, kila jioni anakata siku moja kwa penseli. Nasikia penseli kutoka chumbani. Kitu kigumu ni harufu tu. Mjane hajitii manukato, nawe unajua hapa mtambo wa kuchemshia maua ya langilangi uko nyuma ya nyumba. Wakiwasha moto, mama mkwe anakuja mbio kufunga dirisha nisije nikanukia. Basi nakaa gizani na joto mpaka maua yaive.

Wazee wamesema eda ikimalizika Mchangama atanioa, nisitoke katika nyumba. Ni mtu mzuri. Nimesema sawa.

Kuhusu ile picha ya chumvi, asante. Sijui nitaitazama lini. Kila kitu ni sawa, Koko.

Mjukuu wako Fatoumia


Mangarivotra, Mahajanga
16 Mfungo Tatu

Fatoumia wewe,

Salamu na baada ya salamu nina hasira. Idi imepita salama, nyama tumekula, afya ipo. Haya, tumemaliza adabu.

"Sawa" ni neno gani? Sikukufundisha neno hilo. Ulipokuwa na miaka minne nilikupa ndizi, ukaitupa kwa sababu imevunjika, ukataka nzima. Nilikupiga, lakini moyoni nilisema: huyu ataishi. Leo wanakupa mume kama mtu anayesogezewa kigoda, nawe unasema sawa?

Sisemi Mchangama mbaya. Namkumbuka harusini, alibeba masufuria bila kuambiwa. Sisemi ukatae. Ninakuuliza: unamtaka? Andika ndiyo au andika hapana. Ukiandika sawa, nitakuja huko na magoti haya haya, na utayasikia toka gatini.

Sasa sinema. Wiki mbili zilizopita walituletea picha ya daktari, ya nzi. Hiyo usiitazame, isipokuwa una haja ya kucheka. Nzi mmoja alijaa ukuta mzima, miguu kama minazi. Hadjira alisimama akapiga kelele, "Laa ilaha!" akakalia mapaja ya mtu wa nyuma. Kisha akatokea Mzungu wa koti jeupe akatufundisha kunawa mikono. Sisi! Tunaotawadha mara tano kwa siku! Nikamwambia kwa sauti, "Na miguu je? Mbona miguu huoshi?" Wanawake wote wakacheka. Yeye akaendelea kunawa.

Lakini Alhamisi hii walileta ya pili, na hiyo ndiyo ninayokuandikia. Ni kijiji fulani cha mawe, serikali yao imejenga ukuta mtoni, na maji yatakifunika chote. Watu wanahama. Wanang'oa milango, wanabeba madirisha mgongoni. Kuna mwanamke mmoja, amevaa nyeusi kama hao wajane wao wavaavyo. Vitu vyake vimeshapakiwa garini, farasi anangoja, maji yako kwenye kizingiti cha jirani. Yeye anafagia. Anafagia nyumba itakayozama, Fatoumia! Anaingia pembeni, anachokora vumbi, analisukuma mpaka nje.

Nilimzomea. Nilisema, "Mjinga wewe, ondoka!" Mtu akaniambia, "Nyamaza, bibi." Kisha sijui ikawaje, nikalia mpaka ukaya wangu wa kichwani ukalowa. Hadjira akauliza kuna nini. Nikasema vumbi.

Hiyo itazame hata kama utauza kuku.

Nijibu nilichokuuliza.

Ni mimi, Koko wako


Andilana
4 Septemba 1954

Koko,

Shikamoo. Nyumbani wazima. Je, wewe na Hadjira? Mwambie nimemcheka. Mama mkwe alikuja kuangalia nina nini.

Sijui kama namtaka, Koko. Ukinibana niandike ndiyo au hapana, kalamu inakauka. Nimechoka. Si uchovu wa kazi. Ni uchovu wa mtu aliyekalishwa.

Yule mwanamke, alipomaliza kufagia, ufagio aliuacha au aliubeba? Nimeliwaza hilo tangu barua yako ifike, hata mama mkwe kaniuliza ninanong'ona nini.

Nataka nikuombe jambo. Mwaka jana walikuja Wazungu wawili hapa na mashine ya kupigia sinema, wakapiga picha za langilangi, tangu kuchuma mpaka kuchemsha. Mimi siku hiyo nilikuwa kwa shangazi mjini. Allaoui alikuwa zamu ya moto, kwenye pipa kubwa la shaba. Alikuwa amevaa shati jeupe la harusi kwa ajili yao. Aliniambia walimwambia avue, avae ya kazi, kisha wakampiga picha akichochea moto, muda mrefu, wakamsifu. Alinisimulia wiki nzima. Kila chakula lazima ataje, "Mimi mtu wa sinema, niongezee mchuzi."

Koko, mimi sina picha yake hata moja. Tulisema tutapiga mjini, tukaahirisha. Sasa uso wake umeanza kuniponyoka. Nauona ninapolala, nikiamka nimebaki na masikio tu.

Picha hiyo ikifika Mahajanga, mwangalie. Halafu uniambie.

Mjukuu wako Fatoumia


Mangarivotra, Mahajanga
22 Mfungo Nne

Mjukuu wangu,

Salamu. Mimi mzima, Hadjira mzima.

Picha ya langilangi imefika. Nimeitazama Alhamisi. Nimemwona. Yuko penye moto, kama alivyokuambia.

Ukitoka, nenda kaitazame mwenyewe. Sasa kula.

Barua ni fupi kwa sababu Mwalimu ana mafua.

Ufagio aliubeba.

Koko wako


Andilana
9 Oktoba 1954

Koko wangu, Koko wangu,

Shikamoo mara elfu. Habari za afya, habari za mikate, habari za Mwalimu na mafua yake? Mimi nimekula. Siku ile barua ilipofika nilikula wali sahani mbili, mama mkwe akadhani ni homa.

Niambie vizuri! Alichochea kwa mkono gani? Alitazama mashine au alitazama moto? Alikuwa anacheka? Akicheka lile jino la pembeni linaonekana? Shati lilikuwa lipi, lenye kiraka? Alikuwa peke yake au na Mmadi mwenzake wa zamu? Alikaa muda gani, ungeweza kusoma Fatiha ikaisha? Mbona hukusema chochote, wewe unayeweza kunielezea kiuno cha mwanamke wa Kizungu nusu ukurasa?

Na sasa sikiliza. Gari la sinema la serikali linakuja huku! Tarehe kumi na moja Novemba ni sikukuu ya Wafaransa, wataonyesha picha katika ghala la langilangi, mara baada ya magharibi, bure, kwa watu wote. Na wamesema hiyo picha ya hapa lazima waionyeshe.

Lakini baba mkwe amehesabu katika kalenda. Allaoui amefariki tarehe mbili Julai. Miezi minne ni tarehe mbili Novemba, na siku kumi ni tarehe kumi na mbili. Siku moja, Koko! Gari linaondoka usiku ule ule. Na tarehe kumi na mbili yenyewe ni Ijumaa, baada ya sala wazee wanakuja kunichumbia kwa ajili ya Mchangama.

Nilimwomba baba mkwe. Hakugomba, anasikitika kweli. Alisema, "Binti yangu, eda ni ya Mungu, si yangu. Ningeweza kuifupisha ningeifupisha." Mchangama akasema yeye ataenda kunitazamia, atarudi anieleze.

Nami sitaki kuelezwa! Nimeelezwa vya kutosha. Nataka kuona. Unaniuliza kila siku nataka nini. Basi, nataka hicho.

Muulize Mwalimu kama kuna njia.

Fatoumia wako


Mangarivotra, Mahajanga
23 Mfungo Tano

Fatoumia,

Salamu kwa wote, na kwa baba mkwe wako salamu ya pekee, kwa kuwa ni mtu mwema na ni mjinga.

Ameihesabu eda kwa kalenda ya kazini! Mwalimu aliponisomea barua yako alicheka mpaka akakohoa. Nilimwambia, "Unacheka nini, mjukuu wangu yuko gizani." Akasema, "Echata, siku za mjane ni za mwezi wa angani. Tangu lini zikawa za karatasi?" Hilo hata mimi nisiyesoma nalijua. Nani asiyelijua? Ila huyo Nourdine wako amekaa na makarani miaka thelathini, cheti cha kifo kimeandikwa Julai, naye akaifuata Julai kama mbuzi anayefuata kamba.

Mwezi wa Mfungo Pili uliandama Alhamisi usiku. Nilikuwa uani, niliuona, nikaomba dua. Allaoui akafa alfajiri yake. Hesabu: Mfungo Pili, Mfungo Tatu, Mfungo Nne, Mfungo Tano. Tukiuona wa Mfungo Sita kwa wakati wake, ongeza siku kumi. Unatoka Jumapili, siku moja kabla ya maulidi. Gari la sinema linakuja Alhamisi. Utakuwa umeshatoka siku nne!

Mwalimu amemwandikia baba mkwe barua yake mwenyewe, ya adabu, yenye Kiarabu kingi. Imo humu. Mpe mbele za watu, si faraghani. Mtu akisahihishwa faraghani husahau.

Maswali yako yote nimeyasikia. Macho yako yatayajibu. Kuna jambo nilitaka kusema juu ya picha ile. Mwalimu ameinua kalamu, anangoja.

Mwache angoje. Nenda katazame. Kaa mbele, usikae nyuma ya mtu mwenye kilemba. Usiitazame picha moja ukaondoka, maana hawa mara nyingi huanza na hafifu wakaficha nzuri nyuma. Na ukitoka hapo, kama hutaki kurudi katika nyumba ile, kitanda chako kipo hapa. Nimekitoa kunguni wiki hii.

Mwalimu bado ananitazama. Nimemwambia afunge barua.

Koko wako


Andilana
Jumapili, 14 Novemba 1954

Koko,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Nitakueleza yote kwa mpango, ingawa nimekukasirikia.

Barua ya Mwalimu nilimpa baba mkwe siku ya maulidi, sebule imejaa. Aliisoma, akatoa miwani, akaisoma tena. Akasema, "Lakini cheti cha serikali kinasema tarehe mbili Julai." Mzee Maoulida wa msikitini akamjibu, "Serikali imeandika siku aliyokufa, Nourdine. Siku za mjane nani aliiambia iziandike?" Watu wakatazama mikeka. Baba mkwe aliniita, akaniomba radhi mbele yao, mpaka nikamhurumia. Lakini mama mkwe akasema, "Hata hivyo, kwa ajili ya maneno ya watu, na angoje Ijumaa. Siku nne ni nini?" Wote wakasema kweli, siku nne ni nini.

Nikarudi chumbani. Nilikaribia kusema sawa, Koko. Neno lilikuwa mdomoni.

Alhamisi alasiri nilioga, nikavua nguo nyeupe za eda, nikajifunga saluva yangu ya rangi. Mama mkwe alikuwa mlangoni anachagua mchele.

"Unakwenda wapi?"

"Sinema, mama."

"Na watu watasema nini?"

"Watu wako huko huko. Nitawauliza."

Akashika ungo, hakunishika mimi. Mchangama akaja nyuma yangu na mkeka, hatua kumi nyuma. Akautandika mbele upande wa wanawake, akaenda kwa wanaume.

Walianza na langilangi. Kelele zilizopigwa! "Huyo Sitti!" "Tazama punda wa Sitti!" "Sitti, umenenepa!" Sitti mwenyewe, mchumaji wa maua, alikuwa pembeni yangu, amejifunika uso, anacheka. Nikaona maua yale, asubuhi ile ya ukungu, wanawake na vikapu. Nikaona pipa la shaba. Nikaona moto. Nilijiinua kwa magoti.

Ule mgongo ni wa Mmadi, Koko. Namjua Mmadi, ana kovu begani. Alichochea mara tatu, wakaonyesha mafuta yanadondoka chupani, ikaisha.

Hayumo.

Nilikaa. Nilidhani macho yangu yana makosa. Walipokuwa wanabadili picha nilitoka nje nikamkuta Mchangama ukutani. Nikamwuliza. Akatazama chini, akasema, "Shemeji, nilidhani unajua. Walipomwambia avue shati jeupe alikimbia nyumbani kubadili. Hakuona la kazi, akalitafuta sana. Aliporudi walikuwa wamemaliza, wanafunga mashine. Aliona haya kukuambia. Akatuapisha wote."

Nikacheka, Koko. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Mimi mtu wa sinema, niongezee mchuzi!" Miezi mingi nimempa mchuzi wa uongo. Na pale nilipokuwa nacheka uso wake ukanijia wote, na jino lake, anavyonitazama juu ya sahani akiona kama nimemwamini.

Kisha nikakukumbuka wewe. "Nimemwona. Yuko penye moto." Yeye aliongopa kwa haya. Wewe je? Wewe uliyenipiga kwa kusema nimesali nami sijasali? Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tangu afe. Nikasikia njaa. Sitti alikuwa na mihogo ya kuchoma, nikala yake yote, nikarudi ndani na hasira yangu kutazama picha ya pili kwa sababu ulisema nisiondoke.

Ijumaa wazee walikuja. Baba mkwe akauliza kama desturi. Nikasema hapana. Nilisema kwa adabu, nilisema Mchangama ni ndugu yangu na ataendelea kuwa ndugu yangu. Mama mkwe akalia. Mchangama akatazama viatu vyake. Sijui kama alihuzunika au alipumua.

Na Mahajanga siji, Koko. Usilie. Nimetoka chumba kimoja, sitaki kuingia kingine hata kama ni chako na kimetolewa kunguni. Sitti ana nafasi kwake, na kesho alfajiri tunaanza kuchuma pamoja. Nimechoka bado. Lakini nimechoka nikiwa nimesimama.

Sasa, ile picha ya pili. Sikia, maana ikifika kwenu lazima uitazame. Ni nchi ya mbali, kuna binti na baba yake, wanapeleka bata bukini mia mbili mnadani kwa miguu, mwendo wa siku nyingi. Bata hawawezi kutembea mbali, nyayo zao laini. Basi wanawapitisha kwenye lami ya moto kidogo, kisha kwenye mchanga, mmoja mmoja, mpaka wote wanakuwa na viatu! Ghala zima lilicheka. Wanaanza safari, mvua, madaraja, barabara inajaa bata. Siku ya tatu bata mmoja anakaa chini katikati ya njia. Hataki. Viatu anavyo, mgonjwa si mgonjwa. Amekaa tu. Baba anasema aachwe. Wenzake wanampita huku na huku kama maji yanavyolipita jiwe. Binti anarudi, anachuchumaa mbele yake.

Mwisho wake sikuambii. Hiyo ndiyo adhabu yako.

Fatoumia


Mangarivotra, Mahajanga
28 Mfungo Sita

Fatoumia, mwanangu wa mgongo,

Salamu. Sitauliza kama umekula, najua umekula, umekula na mihogo ya wenyewe.

Niliongopa. Picha ile niliitazama Alhamisi nne. Nilimwomba Hadjira naye atazame, labda macho yangu ni mabovu. Mgongo ule nilijua si wake, nilimwona harusini akicheza bila shati, hana kovu. Siku ile ya kwanza nilirudi nyumbani nikamwambia Mwalimu, "Andika nimemwona." Akasema, "Echata, umemwona?" Nikasema, "Andika." Akaandika, na hakula mikate yangu siku mbili. Mafua hakuwa nayo.

Ulikuwa unakufa, nami nilikuwa mbali. Nisamehe. Neno hilo nimelisema kwa watu watatu katika maisha yangu, na wawili walikuwa kaburini.

Umemkataa Mchangama, umekataa na kitanda changu. Nililia usiku mmoja. Asubuhi niliwasha jiko nikawauzia watu mikate iliyoungua, nikawaambia kila mmoja, "Mjukuu wangu amenikatalia!" Walidhani nimechanganyikiwa, jinsi nilivyokuwa nikijivuna.

Nilikwenda Alhamisi hii. Hawakuleta bata. Walileta reli. Chuma, chuma, chuma, Mzungu anapeana mkono na Mzungu, ikaisha. Usiitazame. Nimemwuliza mwenye sinema, anasema hiyo ya bata haijui, pengine itakuja mwakani, pengine haitakuja. Hadjira anasema aliachwa. Mwalimu, ambaye ati sinema ni haramu, anasema hapana, binti alimbeba. Tumegombana mpaka chai imepoa.

Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Miaka ya kungoja gari la serikali sina. Adhabu nimeikubali, nimeitumikia wiki nzima, inatosha. Niandikie upesi, usianze na salamu: yule bata aliinuka?

Koko wako